Usianike Kila Kitu: Jinsi Posti Zako Zinavyomfungulia Mkora Pochi Yako ya Simu

Wacha tuanze na jambo ambalo karibu kila mmoja wetu ameshafanya. Grupu ya WhatsApp ya harambee imefunguliwa. Binamu amelazwa, bili ya hospitali inapanda kila kukicha, na mweka hazina ameandika: "Ukituma, weka meseji hapa ndio tujaze orodha." Wewe una roho safi. Unatuma shilingi 1,000, unapiga skrinshoti ya meseji ya M-PESA, unaiangusha kwa grupu. "Mungu amponye." Kazi imeisha, unaendelea na shughuli zako.

Sasa rudi uisome ile skrinshoti polepole, kama mtu asiyekujua. Iko na msimbo wa muamala. Iko na jina na namba ya uliyemtumia. Iko na kiasi, tarehe, saa na dakika. Na hapo chini, karibu na gharama ya kutuma, iko na kitu ambacho hungemwambia hata jirani yako: salio lililobaki. Grupu ina watu mia mbili na kitu. Unawajua wangapi kwa sura?

Hakuna aliyekuibia bado, na hakuna aliyekuuliza PIN. Umeanika tu, na kuanika ndiko tunataka tuongee leo. Tunatumia muda mwingi kuwakumbusha wateja wasimpe mtu PIN, na wengi mmeshika hilo. Lakini wakora nao wameshika kwamba hamtoi PIN. Kwa hivyo wengi wao hawaanzi na PIN. Wanaanza na posti zako.

Haba na haba hujaza kibaba

Methali hii tunaitumia tukiongea kuhusu akiba. Mkora pia anaweka akiba, ila yake ni ya habari. Hakuna posti moja inayokumaliza. Kinachokumaliza ni posti kumi za miaka mitatu zikiwekwa pamoja na mtu mmoja mwenye subira na bando.

Tuchukue mfano wa dada anayeuza nguo za mtumba Gikomba. Ni mfano tumeutunga wa kufundishia, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake ambayo haiwezekani leo hii.

Dada huyu ana ukurasa wa Facebook wa biashara. Ameandika namba yake ya simu ili wateja wamtumie pesa. Hapo mkora anapata kitu cha kwanza. Anafungua simu yake, anajifanya anatuma pesa kwa hiyo namba, na kabla hajamaliza, jina la mwenye namba linamtokea ahakikishe. Anafuta, hatumi kitu. Sasa ana namba na jina, bila kutumia hata shilingi moja.

Anatafuta jina hilo Instagram. Mwezi wa sita marafiki walimwandikia "Hepi bathdei, karibu sakafu ya tatu!" Kwa hivyo alizaliwa tarehe fulani, na ametimiza miaka thelathini. Tarehe ya kuzaliwa imekamilika. Akishuka chini kidogo, picha ya mahafali: dada ameshika cheti, jina lote linasomeka. Posti nyingine, Siku ya Kina Mama: picha ya mamake, na jina la mama limeandikwa kwa upendo mwingi. Posti nyingine tena: "Hatimaye nimepata kitambulisho kipya baada ya kupoteza kile cha zamani!" na picha ya kadi yenyewe, kidole kimefunika sura lakini hakijafunika namba.

Halafu kuna ile grupu ya harambee. Mkora yuko ndani pia, kwa sababu kiungo cha kuingia kilisambazwa kila mahali. Anajua jana usiku dada alituma 1,000, kwa nani, saa ngapi, na alibaki na pesa ngapi.

Kesho yake simu inalia:

"Habari yako dada. Ninakupigia kutoka huduma kwa wateja. Ninaongea na..." halafu anataja majina yake matatu. "Jana saa mbili na dakika kumi na nne usiku ulituma shilingi elfu moja kwa..." anataja jina. "Tunaona kuna mtu mwingine anajaribu kusajili laini yako. Usikate simu. Utaona msimbo ukiingia kwa meseji, nisomee tu hizo namba tumfungie nje."

Angalia vile imejengwa. Hajamwuliza PIN. Hajamwuliza jina wala kitambulisho. Yeye ndiye anampa dada habari zake mwenyewe, na kila habari ni sahihi. Ndiyo maana watu werevu, waliosoma, wanaingia. Hawakuingia kwa sababu ni wajinga. Waliingia kwa sababu mtu aliyejua mengi hivyo alionekana kuwa wa ofisini. Kumbe ni wao wenyewe walimpa, kidogo kidogo.

Akishaingia, hachukui tu kilichopo

Wengi wetu tunajiambia, "Aniibie nini? Kwa simu niko na mia mbili." Hapa ndipo tunaomba usome kwa makini.

Mtu akipata udhibiti wa laini yako, kwa mfano kwa kubadilishiwa SIM kadi kwa kutumia habari zako, amepata zaidi ya salio. Amepata jina lako zuri. Anaweza kujaribu kukopa kwa jina hilo: Fuliza, M-Shwari, KCB M-PESA, na programu za mikopo unazotumia. Kama umekuwa ukilipa vizuri na kikomo chako kimepanda, ndivyo anavyopata zaidi. Anaweza pia kupokea misimbo ya benki na ya barua pepe inayotumwa kwa meseji. Na anaweza kuandikia chama chako, mamako na wateja wako: "Nimekwama kidogo, nitumie elfu tano nitakurudishia jioni." Watu wanaokupenda watatuma.

Kwa hivyo usihesabu kilichoko kwa pochi leo. Hesabu kile ambacho jina lako linaweza kukopa, na watu wangapi wanaweza kukuamini.

Hesabu ndogo kuhusu PIN

PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Huduma nyingi hufunga ukikosea mara tatu. Kwa mtu anayebahatisha kabisa, nafasi tatu kati ya elfu kumi ni kama hakuna.

Lakini Wakenya wengi tunapenda namba zenye maana. Mwaka wa kuzaliwa. Mwaka mtoto alizaliwa. Siku na mwezi wa bathdei. Sasa, mkora ambaye ameona posti ya bathdei yako, bathdei ya kifungua mimba wako, na maadhimisho ya ndoa yako, ana namba tatu za kujaribu. Na nafasi alizopewa ni tatu. Habari ulizoanika zimemtoa kwenye elfu kumi hadi kwenye tatu.

Ukisoma hapa umesikia moyo ukipiga kidogo, badilisha PIN yako leo. Hata sasa. Makala haya yatakungoja.

Vitu saba tunavyoanika bila kujua

1. Skrinshoti za miamala. Tumeshaongea kuhusu salio. Lakini hata msimbo wa muamala una thamani. Ukiweka meseji yako kwa grupu ya biashara, mtu anaweza kuchukua msimbo wako, akamwendea muuzaji akasema, "Ni mimi nililipa, hii hapa meseji." Muuzaji aliye na haraka anatoa mzigo. Wewe ukifika, unaambiwa umeshachukua. Kwenye harambee, andika tu: "Nimetuma 1,000." Mweka hazina ataiona kwa simu yake au kwa taarifa ya paybill. Akitaka uthibitisho, mtumie kwake peke yake, na ukate sehemu ya salio.

2. Picha ya kitambulisho. Iwe umekipata, umekipoteza, au umeokota cha mwenzako. Kitambulisho cha Kenya kimebeba jina, namba, tarehe ya kuzaliwa na mahali ulikozaliwa kwa kadi moja. Ukiokota cha mtu, kipeleke kituo cha polisi au kwa chifu, au uposti jina peke yake. Usiweke picha ya kadi nzima ukidhani unamsaidia. Hali ni hiyo hiyo kwa leseni ya kuendesha gari, pasipoti na cheti cha PIN ya KRA.

3. Kadi ya benki. Kuna wale wakipata kadi yao ya kwanza wanaipiga picha kwa furaha. Namba ya mbele, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma ndizo duka la mtandaoni huitisha wakati wa kulipa. Ukianika pande zote mbili, umemwachia mtu kadi yako.

4. Malalamiko ya hadharani. Muamala umekwama, umekasirika, unaenda kwa ukurasa wa kampuni na kuandika: "Pesa yangu imeenda wapi? Namba yangu ni hii, msimbo ni huu, nilituma 7,500!" Tunaelewa hasira yako. Lakini kuna akaunti bandia ambazo kazi yao ni kungojea comenti kama hiyo. Ndani ya dakika chache mtu mwenye nembo yetu na jina linalofanana na letu atakujibu: "Pole sana mpendwa mteja, njoo inboksi." Huko ndiko anaitisha kitambulisho na msimbo. Lalamika, ni haki yako, lakini bila namba na bila msimbo. Na kabla ya kujibu, angalia kama akaunti imethibitishwa na ilianza lini.

5. Michezo ya maswali. "Taja shule yako ya msingi, mwalimu wako wa kwanza, na jina la mbwa mliyefuga, tuone nani atakumbuka!" Inachekesha. Lakini soma maswali yale tena. Ni yale yale benki na barua pepe huuliza ukisahau nywila. Na usifikirie michezo hii ni ya kienyeji tu: ule mkasa wa Cambridge Analytica uliojulikana dunia nzima mwaka 2018 ulianzia kwenye programu ya maswali ya kujipima tabia kwenye Facebook, na kampuni yenyewe ilikadiria kwamba habari za hadi watu milioni 87 huenda zilichukuliwa isivyofaa. Waliojibu maswali walikuwa wachache. Wengi walikuwa marafiki zao tu.

6. Safari na kutokuwepo. "Ndani ya SGR, Mombasa wiki nzima, bahari itanikoma!" Ni sawa kufurahi. Lakini umemwambia kila mtu kwamba nyumba Rongai iko tupu hadi Jumapili. Hali ni ngumu zaidi wakati wa matanga, kwa sababu tangazo huwa na tarehe ya mazishi na jina la kijiji, na kila mtu anajua familia nzima itakuwa mashambani siku hiyo. Picha za safari ni tamu hata ukiziweka baada ya kurudi. Na tangazo la msiba likienda hadharani, acha mtu mmoja abaki nyumbani au jirani aangalie.

7. Habari za mtoto. Hii inahitaji nafasi yake.

Mtoto wako si stetasi

Siku ya kwanza ya shule ni siku kubwa. Sare mpya, viatu vinang'aa, begi limemzidi mtoto ukubwa. Unapiga picha, unaandika jina lake, darasa lake, na nembo ya shule inaonekana kifuani.

Kuna simu ambayo wazazi wengi Kenya wameisikia au wameisimuliwa. Ni saa nne asubuhi, uko kazini. "Ni mzazi wa..." anataja jina la mtoto. "Mimi ni mwalimu wa shule ya..." anataja shule. "Mtoto ameanguka vibaya, tuko njiani hospitali, wanataka pesa kabla wamwangalie. Tuma haraka kwa hii namba ya daktari." Kwa nyuma unasikia mtoto akilia.

Mzazi gani atasimama kufikiria? Hakuna. Na hapo ndipo habari iliyoanikwa inauma zaidi, kwa sababu inatumia upendo wako kama funguo. Dawa ni moja, na ni vizuri muipange kabla: hifadhi namba ya ofisi ya shule na ya mwalimu wa darasa kwa simu yako leo. Ukipigiwa simu kama hiyo, kata, piga namba ile uliyohifadhi. Kama mtoto ameumia kweli, dakika moja ya kupiga simu haitamdhuru, kwa sababu huyo mwalimu wa kweli atashika.

Tena, mtoto ana haki zake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto. Hii sheria ina meno. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, kilabu kimoja Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni bila ruhusa yake.

Hizo zilikuwa biashara, na wewe ni mtu binafsi. Lakini funzo ni la wote: picha ya mtu ni mali yake. Kabla ya kuposti mtoto wa dadako, bibi yako akiwa kitandani hospitalini, au mwenzako wa chama, uliza kwanza. Tena ukiposti namba ya mamako kwa grupu ya wazi ukimwombea msaada, si wewe utakayepigiwa na wakora. Ni yeye.

"Lakini biashara yangu iko mtandaoni!"

Tunasikia. Mama anayeuza keki kwa Instagram, fundi wa viti, kijana wa boda boda, wote wanahitaji wateja wawapate. Hatuwezi kukuambia ukae kimya. Tunachosema ni utenganishe duka na nyumba.

Kwanza, kama unaweza, chukua till ya biashara badala ya kupokea malipo kwa namba yako ya kibinafsi. Mteja akilipa, ataona jina la biashara. Pesa ya biashara nayo inabaki upande wake, na hilo linakusaidia hata kwa hesabu.

Pili, kama bado unatumia namba ya simu, iwe laini nyingine, isiyofungwa na akaunti ya benki, barua pepe wala akiba yako. Namba unayoitangaza kwa dunia isiwe ile inayopokea misimbo yako.

Tatu, acha kuweka picha za mauzo ya siku. "Leo tumeangusha 38,000, asante Mungu!" Mshukuru Mungu, yeye hahitaji skrinshoti. Wanaohitaji ni wale wanaotaka kujua duka linafungwa saa ngapi na nani anabeba pesa.

Nne, hakikisha malipo kwa simu yako au kwa programu yako ya biashara. Usihakikishe kwa meseji ambayo mteja anakuonyesha kwa simu yake, wala kwa skrinshoti aliyokutumia.

Na kwa wanaochangisha pesa: tangazo lenu la harambee linaweza kuibwa. Mtu anachukua picha na hadithi yenu, anabadilisha namba ya kutumia, anasambaza kwa grupu zingine. Ndiyo maana ni vizuri kutumia paybill yenye jina linaloeleweka, na kuandika wazi kwa tangazo: "Hakikisha jina linalotokea ni hili kabla ya kutuma." Hivyo mchangiaji mwenyewe anakuwa mlinzi.

Dakika kumi za leo

Makala yakisomwa tu hayasaidii mtu. Chukua simu yako sasa tufanye pamoja.

Moja, piga *106#. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, iripoti kwa mtandao wako mara moja.

Mbili, linda laini yako isibadilishwe kiholela. Ukiwa na laini ya Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe mpaka ufike dukani mwenyewe na kitambulisho. Kwa mitandao mingine, uliza huduma kwa wateja kama wana ulinzi kama huo.

Tatu, fungua WhatsApp, uende kwa mipangilio, upande wa akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utaweka namba sita za siri. Hata mtu akipata ule msimbo wa meseji, hataweza kuingia bila hizo sita. Na zisiwe za bathdei!

Nne, ukiwa bado WhatsApp, angalia ni nani anaona stetasi yako. Wengi tumehifadhi namba za fundi wa mabomba tuliyemwita mara moja mwaka 2021, dalali wa nyumba, na mtu wa kuuza gesi. Nao wakiwa wamehifadhi yako, wote wanaona mtoto wako na safari zako. Chagua watu wako.

Tano, Facebook: ficha mwaka wa kuzaliwa, ficha namba ya simu, na uangalie orodha ya marafiki. Kama hungemkaribisha chai, kwa nini anaona picha za sebuleni?

Sita, rudi nyuma. Tafuta kwa posti zako za zamani maneno kama "kitambulisho", "cheti", "kadi". Futa unachokipata. Hatuwezi kukuahidi hakuna aliyeshakihifadhi, lakini ukifuta leo, wa kesho hatakikuta.

Ikishatokea, usione aibu

Dalili kubwa ya laini kubadilishwa ni hii: mtandao unapotea ghafla kwa simu yako, huku walio karibu nawe kwa mtandao huo huo wako sawa. Ukizima na kuwasha, bado hakuna. Usilale ukisema ni shida ya kampuni. Azima simu ya mtu, upigie mtandao wako hapo hapo waifunge laini. Kisha pigia benki yako. Kisha utufikie sisi kupitia programu yetu tufunge pochi. Kila dakika ina bei.

Ukipokea meseji ya ulaghai kwa laini ya Safaricom, itume bure kwa 333. Ukituma pesa kwa namba isiyofaa kupitia M-PESA, tuma ile meseji ya uthibitisho kwa 456 haraka iwezekanavyo ili kuomba irudishwe. Kama umeibiwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uchukue namba ya OB, kwa sababu utaihitaji ukifuata pesa na ukipinga mikopo iliyochukuliwa kwa jina lako. Unaweza pia kupigia DCI bure kwa 0800 722 203. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kwa hivyo usikubali mtu akuambie hakuna la kufanya.

Baada ya hapo, waambie watu wako. Andika kwa chama, kwa familia, kwa wateja: "Namba yangu imeibwa, msitume pesa." Hapa ndipo wengi hukwama kwa aibu. Wanaogopa kuchekwa, wanakaa kimya siku mbili, na hizo siku mbili ndizo shangazi anatuma elfu kumi. Ukimya wako humsaidia mtu mmoja tu, na huyo ni mkora.

Na ukisikia imempata mwenzako, usiseme, "Mimi siwezi ingia hivyo." Msaidie kupiga simu.

Swali moja kabla ya kuposti

Hatutaki uishi kwa hofu. Mitandao imetuunganisha na wateja, imelipa bili za hospitali, imetuletea kazi. Posti keki zako, posti utani wako, posti mahafali yako, ila shika cheti mbali kidogo na kamera.

Tunachoomba ni uzoee swali moja tu kabla ya kubonyeza: "Kama mtu asiyenipenda angekuwa na karatasi, angeandika nini kutoka kwa hii posti?" Kama jibu ni "hakuna", posti. Kama jibu ni namba, tarehe, jina la mtoto, salio, au siku ambayo nyumba iko tupu, ngoja. Kata, funika, au mtumie tu yule anayehusika.

Na kumbuka vile sisi hufanya kazi: hatutakupigia kamwe kukuomba PIN wala msimbo ulioingia kwa meseji, hata kama tunajua majina yako matatu na muamala wako wa jana. Mtu akikuuliza hivyo, hata akiwa na sauti tamu namna gani, si sisi. Kata simu. Halafu mpigie mamako umwambie naye hivyo, kwa sababu akimaliza na wewe, mkora atampigia yeye.